Kurekodiwa Si Kushirikishwa

Vyombo vya kupima kwa pamoja urahisi wa matumizi ni programu zinazokutanisha watu wa aina mbili: wabunifu, wanaochora bidhaa ya kidijitali na kuamua kitufe gani kikae wapi, na wapimaji, wanaoitumia bidhaa hiyo kabla haijatolewa ili ijulikane inakwama wapi. Aina zake ni nyingi. Kuna ubao wa pamoja kama ule wa Figma, ambapo mchoro mmoja hutazamwa na wote kwa wakati mmoja na maoni hubandikwa juu yake. Kuna programu zinazorekodi skrini ya simu pamoja na sauti ya anayeitumia. Nyingine huchora ramani ya mahali vidole vilipogusa na kuhesabu sekunde zilizopita kabla mtu hajakata tamaa. Kuna hojaji, na iliyoenea zaidi ni ile ya maswali 10 iliyotungwa na John Brooke mwaka 1986 alipokuwa akifanya kazi Digital Equipment Corporation huko Uingereza. Na kuna jedwali la kasoro, ambamo kila tatizo hupewa namba, hukabidhiwa mtu wa kulirekebisha, kisha hufungwa.

Miongoni mwa watengenezaji wa programu jijini Nairobi, na katika vyuo vinavyowaandaa, imeota imani kwamba vyombo hivi vimemaliza tatizo la umbali. Mbunifu akae Kilimani, mtaa wa Nairobi, mpimaji akae Giakanja, kule Nyeri, kiungo kitumwe kwa WhatsApp, na kufikia jioni rekodi, ramani za miguso na alama za hojaji ziwe zimejipanga kwenye ubao. Kwa imani hiyo, safari ya Nyeri ni anasa ya zamani: chombo huona kila kitu, hakichoki, hakipendelei, na kwa kuwa yeyote anaweza kuandika kwenye ubao uleule, basi kila mtu ameshirikishwa. Imani hii ni potofu, na hasara yake huwaangukia watu ambao hawakuwapo ubao ulipokuwa ukijadiliwa.

Imani hiyo haikuzuka bure, hata hivyo. Mwaka 1990 Jakob Nielsen na Rolf Molich walionyesha kwamba wakaguzi wachache wenye orodha fupi ya kanuni wanaweza kufichua kasoro nyingi bila maabara wala vifaa vya bei kubwa. Mwaka 2000 Nielsen akaandika kwamba watu 5 wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo, na tangu hapo namba hiyo imekuwa ikirudiwa kama amri. Figma ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2016, kazi iliyokuwa ikitumwa faili baada ya faili kwa barua pepe ikaanza kufanyika hadharani, wote wakitazama. Serikali ya Kenya ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi mwezi Aprili 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, upimaji wa mbali ukawa ndio njia iliyobaki. Faida zake ni za kweli. Kampuni changa isiyo na nauli ya watu watatu sasa inaweza kusikia sauti ya mtumiaji wake, na hilo ni bora kuliko kutosikia lolote. Kosa linaanza pale njia ya dharura inapogeuzwa kuwa kipimo cha ukweli.

Hata ile namba 5 husomwa nusu. Nielsen alipendekeza majaribio madogo yanayorudiwa baada ya kila marekebisho, na akasema wazi kwamba bidhaa yenye watumiaji wa makundi tofauti ipimwe na watu wa kila kundi. Mwaka 2003 Laura Faulkner alipima na watu 60, kisha akawagawa upya mara nyingi katika vikundi vya watu 5: vipo vilivyokaribia kunasa matatizo yote, na vipo vilivyoambulia asilimia 55 tu. Mwalimu, mwenye duka la agroveti na mkulima wa kahawa mwenye miaka 70 si kundi moja kwa sababu tu wote wanaishi Nyeri.

Swali la kwanza ambalo imani hii hailijibu ni nani hasa anaingia kwenye chombo. Giakanja ni kituo cha biashara katika eneo la Tetu, kaunti ya Nyeri, kwenye ukanda wa kahawa ulio kati ya Aberdare na Mlima Kenya. Hapo, kama ilivyo Karatina, Othaya au Kerugoya, simu za vitufe, zile kabambe, bado zinafanya kazi nzito: kupokea malipo, kuweka akiba, kulipa karo. Programu ya kurekodi skrini haiingii kwenye kabambe. Wala programu ya kuchora ramani ya miguso haiwezi kuingia ndani ya menyu za *334# za M-Pesa au *147# za bima ya afya ya SHA, kwa sababu menyu hizo huletwa na mtandao wa simu na si programu iliyopakuliwa. Anayebaki kurekodiwa ni mwenye simu janja, mwenye bando, mwenye muda wa mchana na mwenye Kiingereza cha kusoma maelekezo. Huyo mara nyingi ni mwanafunzi au kijana aliyerudi nyumbani kutoka chuo. Ni mpimaji halali, lakini ubao humwandika kama "mtumiaji wa vijijini", na kwa maneno hayo matatu mamake na nyanyake wanahesabiwa kuwa wamepimwa.

Jambo la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Sehemu kubwa ya huduma za serikali za mtandaoni, kuanzia fomu za kodi hadi zile za eCitizen, katika miji hii hujazwa saiba, yaani kwenye maduka ya intaneti. Mteja huketi kando ya meza, hutaja majina, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Mhudumu huandika kwa kasi kwa kuwa ameshaijaza fomu ileile mara nyingi. Katika takwimu za mfumo, kikao hicho huonekana kuwa cha mafanikio makubwa: hakuna kurudi nyuma, hakuna kusitasita, fomu imekamilika. Mbunifu akitazama ramani ya miguso ataona njia safi. Asichokiona ni kwamba mwenye akaunti hakugusa chochote, kwamba amelipa ili asiguse, na kwamba huenda nywila yake imebaki kwenye daftari la dukani. Yaani kadiri fomu inavyokuwa ngumu, ndivyo watu wengi zaidi wanavyokimbilia saiba, na ndivyo rekodi zinavyozidi kuonyesha kwamba ni rahisi. Mtu aliyesimama mlangoni pa saiba kwa nusu saa angelitambua hilo bila chombo chochote.

Kuna pia suala la adabu. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 450 huko Bangalore, India. Kila mmoja alionyeshwa vitu viwili vya kiteknolojia na kuulizwa kipi ni bora. Wahojiwa walikuwa na uwezekano wa mara 2.5 zaidi wa kuchagua kile walichoamini kimetengenezwa na anayewahoji. Mhojaji alipokuwa mgeni anayehitaji mkalimani, uwezekano huo ulipanda hadi mara 5. Upendeleo haukutoweka hata pale kitu cha mhojaji kilipokuwa kibovu waziwazi.

Mtu aliyewahi kukaa katika boma la Mlima Kenya hahitaji kushawishiwa sana. Kijana aliyevaa beji ya kampuni akimuuliza bibi, "Shosho, umeipenda?", atajibiwa kuwa ni nzuri, na huenda akaongezewa chai. Si unafiki. Mgeni hachambuliwi kazi yake mbele ya macho yake, na mtoto aliyesoma hakatishwi tamaa. Hojaji ya maswali 10 inayojazwa kupitia kiungo hubeba adabu hiyohiyo na kuigeuza kuwa alama ya juu. Chombo hakijakosea hesabu. Kimejumlisha heshima kikaiita ubora.

Njia ya kufikiri kwa sauti, ambayo Clayton Lewis wa IBM aliieleza mwaka 1982 na ambayo programu nyingi za kurekodi huitegemea, ina shida ya namna hiyo. Humtaka mtu mmoja aseme peke yake, mbele ya mashine, kila linalompitia kichwani. Katika Tetu kitu kipya hujifunzwa na watu wawili au watatu walioinamia simu moja, wakibishana kwa Kikuyu. Wapimaji wawili wanaofahamiana, wakipewa simu moja na kazi moja, husema mbele ya mwenzao yale ambayo hawangemwambia mbunifu: "Hapo umebonyeza nini?" "Si ni pale?" "Hapana, pale ni pa kulipa!" Mabishano hayo ndiyo matokeo. Yakirekodiwa kwa Kikuyu na kuandikwa kikamilifu yana thamani kubwa kuliko majibu 10 ya hojaji. Yakifupishwa kwa Kiingereza kuwa "mtumiaji alichanganyikiwa kidogo", yamepotea.

Huambiwa kwamba ubao wa pamoja hurekebisha haya yote kwa kuwa watathmini wengi hutazama rekodi moja na kusahihishana. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama watathmini wangekuwa wanaona kitu kilekile. Hawaoni. Rolf Molich, yuleyule wa 1990, aliandaa tathmini linganishi ambamo timu 9 zilipima huduma moja ya barua pepe, Hotmail, kila timu kivyake. Kwa pamoja ziliripoti matatizo 310 tofauti. Asilimia 75 ya matatizo hayo iliripotiwa na timu moja tu, na hakuna hata tatizo moja lililonaswa na timu zote 9. Hao walikuwa weledi wa kazi. Somo lake ni kwamba macho mengi yana manufaa pale tu yanapotazama kila moja kwa uhuru wake. Ubao wa moja kwa moja hufanya kinyume: mkuu wa timu hubandika maoni ya kwanza, wengine huyasoma kabla ya kuandika yao, na baada ya dakika chache ubao mzima unazungumzia rangi ya kitufe. Kwa hiyo kuandika kila mtu peke yake kwanza, kisha kuunganisha, si urasimu. Ndiyo sharti la kazi yenyewe.

Lakini kiini cha ubishi kiko kwenye mahali. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, cha mwaka 1998 na kilichorekebishwa 2018, hakiutambui urahisi wa matumizi kama sifa inayokaa ndani ya bidhaa. Hutamka watumiaji fulani, malengo fulani na mazingira fulani. Ukiyaondoa mazingira, kilichobaki kupimwa ni kitu kingine.

Chukua programu ya kumwonyesha mkulima kilo za kahawa alizopeleka kiwandani. Katika viwanda vya ushirika vya ukanda wa Giakanja, kahawa huchumwa mchana na hufikishwa alasiri, kwa sababu buni mbivu haziwezi kulala. Lazima zikobolewe maganda kabla ya usiku kuisha. Mkulima humwaga mzigo wake chini, huchambua zilizo mbichi na zilizooza, hurudisha kwenye gunia, kisha hupanga foleni ya mizani. Karani husoma uzito, huondoa uzito wa gunia, huandika kwenye kitabu na kutoa risiti. Ugomvi ukitokea hutokea hapo hapo, katika sekunde chache kati ya namba kutulia na gunia kushushwa, mkulima akiona hivi na karani akiandika vile.

Programu iliyopimwa Kilimani kwa utulivu itaweka kilo kwenye ukurasa wa tatu, chini ya picha ya kikombe cha kahawa, baada ya kuingiza nywila. Mpimaji wa mbali, akiwa amekaa, mikono mikavu, ataipata kwa sekunde 12 na ubao utasherehekea. Kwenye foleni, vidole vimegandwa na utomvu wa matunda na vumbi, skrini haishiki mguso, jua limeshazama nyuma ya Aberdare, miwani ya kusomea imebaki nyumbani, na nyuma kuna watu 30 wanaosukuma. Anachohitaji mkulima ni namba moja kubwa, ifike kwa ujumbe mfupi kabla hajatoka mizanini, ikiwa na jina lake ili ajue haikuandikwa kwa jirani. Hitaji hilo haliwezi kuibuka kwenye rekodi ya skrini kwa sababu halimo kwenye skrini. Limo kwenye foleni.

Kenya imeshalipia kosa hili la kusahau mazingira kwa kiwango cha taifa. Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapigakura vilishindwa katika vituo vingi. Laptopu ziliishiwa chaji katika madarasa yasiyo na umeme, nyingine zikakataa kufunguka makarani wasipokuwa na nywila sahihi, na kazi ikarudi kwenye daftari la karatasi. Darasa la shule ya msingi bila soketi ukutani si jambo la kushangaza kwa mtu yeyote anayeishi nje ya mji. Lilikuwa la kushangaza kwa mpango tu.

Kinyume chake kipo pia, na ni cha hapa. M-Pesa ilianza kujaribiwa Oktoba 2005 katika Thika na sehemu za Nairobi, kwa mawakala 8 na wateja wasiozidi 500 wa taasisi ya mikopo ya Faulu. Lengo lilikuwa moja: kurejesha mikopo kwa simu. Nick Hughes wa Vodafone na Susie Lonie, aliyeletwa Kenya kuisimamia kazi hiyo, baadaye waliandika wazi walichokuta. Mafunzo yalichukua muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa, na hesabu za Faulu hazikuoana kwa urahisi na mfumo mpya. Muhimu zaidi, wateja walikuwa wakifanya mambo ambayo hakuna aliyeyachora: kutumiana pesa wao kwa wao, kuwanunulia muda wa maongezi jamaa walio mashambani, kuweka fedha upande mmoja wa safari na kuzitoa upande wa pili ili wasisafiri nazo mfukoni. Programu ilitengenezwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, mbali zaidi kuliko Nairobi ilivyo mbali na Giakanja. Hata hivyo, mwenye kusimamia jaribio alikuwa uwanjani, na matumizi ambayo hayakutarajiwa hayakuandikwa kama makosa ya watumiaji. Huduma ilipozinduliwa Machi 6, 2007, wito wake haukuwa kulipa mkopo. Ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Wapimaji walikuwa wamebadilisha bidhaa yenyewe.

Kilimo Salama, bima ya mazao iliyoanza Laikipia mwaka 2009 na wakulima wapatao 200, ilifuata njia ya karibu na hiyo: ilimwona muuza agroveti, aliyesajili bima kwa simu yenye kamera palepale kaunta, kuwa mtumiaji wa kwanza. Mkulima alipokea ujumbe na malipo kwa simu yake ya kawaida.

Watetezi wa upimaji wa mbali hujibu kwamba hizo zilikuwa kampuni zenye fedha. Vodafone ilikuwa nazo, kweli, na ikapewa na za ziada na serikali ya Uingereza. Lakini gharama inayozungumziwa hapa ni nauli ya matatu kutoka Nairobi hadi Nyeri, malazi ya siku chache na ujira wa wapimaji kwa muda wao. Timu nyingi hulipia leseni za programu mwezi baada ya mwezi bila kulalamika. Na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko Nyeri, kikiwa na wanafunzi wa kompyuta wanaoweza kufundishwa kuongoza majaribio uwanjani kwa lugha ya wenyeji. Kisichokuwepo si fedha. Ni kuona kwamba kazi hiyo inastahili kulipiwa.

Rekodi zenyewe nazo zina upande wa sheria. Skrini ya simu ya mkulima ina salio, majina ya waliomtumia pesa na meseji za mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iliyo wazi na yenye maelezo. Kubonyeza "nakubali" chini ya kurasa za Kiingereza si ridhaa ya namna hiyo, hata kama chombo kinaihesabu.

Hakuna sababu ya kuvitupa vyombo hivi. Sababu ipo ya kubadilisha nani ana mamlaka gani ndani yake, na hilo huanzia kwenye jedwali la kasoro. Kwa desturi ya sasa, mpimaji huzalisha kasoro bila kuiona: mbunifu huisikia kwenye rekodi, huiandika kwa maneno yake, huipa uzito anaoona unafaa, huirekebisha, kisha huifunga yeye mwenyewe. Mpimaji amekuwa chanzo cha data. Jedwali la pamoja kweli lina safu inayobeba maneno ya mpimaji kama alivyoyasema, kwa Kikuyu au Kiswahili, kabla ya tafsiri yoyote. Lina safu ya mahali na hali: mizanini, jioni, kabambe, simu ya kuazima. Lina jina la aliyebonyeza na la aliyekusudiwa, ili mhudumu wa saiba asihesabiwe kuwa shosho. Uzito wa kasoro huandikwa na pande mbili, na zikitofautiana tofauti hiyo hubaki ikionekana. Na kasoro haifungwi hadi mtu aliyeileta aone toleo jipya mkononi mwake, mahali palepale ilipomkwamisha, na aseme imekwisha. Asiposema, inabaki wazi hata kama tarehe ya uzinduzi imefika.

Jedwali hilo linaweza kukaa kwenye Figma, kwenye lahajedwali la bure au kwenye daftari la mistari katika ofisi ya ushirika. Likikaa daftarini, wapimaji watalisoma bila bando, na mbunifu atalazimika kwenda kulichukua.